Makopo Dirishani

2 Machi

Shangazi,

Kaa chini kwanza. Kama umesimama, tafuta kiti, maana sitaki kesi ukianguka. Katika watu wote walioshika jembe tangu dunia iumbwe, wa kwanza ni mimi na wa pili hajazaliwa. Juzi nilipita kando ya shamba nikakohoa tu, magugu yakaanza kung'oka yenyewe kwa heshima. Mbuzi wako siku hizi wakiniona wanasimama mstari. Uliponiachia shamba ukaenda kumuuguza Dada na mimba yake ya kulala kitandani, uliondoka unatikisa kichwa. Nilikuona. Sasa kitikise tena, lakini kwa mshangao.

Kwanza habari ndogo: usipige simu. Imezama kwenye pipa la maji ya mbuzi. Kuna mtu aliliacha pipa wazi, na huyo mtu ni mimi, lakini tusianze kulaumiana. Nitakuwa nampa barua dereva wa lori la maziwa, anasema kila safari anapita karibu na hapo mlipo.

Habari kubwa ni hii. Lile lundo lako la mboji nimelitazama vizuri. Unataka niligeuze kila wiki kwa uma, nilimwagilie, nililaze na majani makavu, nilifunike kama mgonjwa, kisha nisubiri liive. Shangazi, mimi bado kijana. Nitazeeka kabla ya hilo lundo. Basi nikatumia akili. Nikaenda kule kwenye shamba kubwa la ng'ombe, nikapatana na mchunga wao, yule Ndevu: mimi nisafishe zizi zima, yeye aniruhusu nichukue samadi mpaka punda aseme basi. Nimejaza mikokoteni, rundo limefika dirishani kwako! Bure kabisa. Wasomi wanakwenda chuo kusomea kilimo, mimi niliyeishia darasa la sita nimewapita kwa koleo na punda wa kuazima.

Ndevu alianza kuniletea maneno sijui dawa gani walipiga kwenye malisho mwaka huu. Nikamwambia babu, mimi si ng'ombe, sili majani. Hata yeye alicheka, au alikohoa.

Nikipata mvua tu, napanda yale maharage yako ya madoa. Mwambie Dada asizae mtu mvivu.

Mtoto wa kaka yako,
Bingwa wa Majembe


6 Machi

Kiherehere,

Nimekaa kama ulivyoagiza. Dada yako nimemsomea barua akacheka mpaka muuguzi akaja mbio, na hapa tumeambiwa asichekeshwe. Kwa hiyo ukiandika tena, punguza.

Sasa tuache utani. Ndevu namjua, si mtu wa maneno. Mtu kama huyo akifungua mdomo, unasimamisha koleo unamsikiliza. Mrudie, umuulize ni dawa gani waliyopiga. Tena samadi yoyote isiyotoka kwa mbuzi wetu hailali shambani kabla ya kukaa kwenye makopo dirishani. Umeniona nikifanya hivyo tangu unatambaa, tena moja ulilipindua ukala udongo wake. Changanya na udongo, weka mbegu, subiri majani ya pili na ya tatu. Yakitoka yamenyooka, endelea.

Na maharage ya madoa usiyachukulie mchezo. Ni mbegu ya mama yangu. Haipo dukani, haipo sokoni, nimeshaitafuta. Iko kwangu na kwa Bibi wa ng'ambo ya mfereji, basi. Ndiyo maana kila mavuno mimi na yeye tunabadilishana kopo moja: lake linalala kwangu, langu linalala kwake, ili mmoja akiharibikiwa mwenzake amrudishie. Mwaka ule wa mafuriko ni yeye aliyenirudishia, ukala ukashiba, hukuuliza yametoka wapi. Kopo lake la mwaka jana nimelimimina kwenye kibuyu juu ya dari. Kibuyu hicho usikiguse hata kwa macho. Panda ya kwenye mtungi tu.

Tena ugeuze lundo langu. Shamba letu halijawahi kununua mbolea kwa sababu ya hilo lundo unalolicheka.

Umsalimie Bibi. Mchotee maji, magoti yake hayafai.

Shangazi yako


21 Machi

Shangazi mpendwa, na Dada usicheke,

Nimefanya kila kitu. Makopo nimeyaweka dirishani, sita, yamepangwa kama wanafunzi. Nimeingiza na akili yangu kidogo. Nilifikiri, kama maharage ya madoa ni ya thamani hivyo, ya nini kuyachezea kwenye makopo? Nikaweka mahindi. Shangazi! Yameota yana kiburi, majani marefu kama masikio ya punda. Ningechelewa kidogo yangeng'oa dirisha. Samadi hiyo ukiweka fimbo inatoa matawi.

Ndevu sikumkuta, wanasema kaenda kwao kwenye msiba. Na mvua haikusubiri amalize kulia. Ilinyesha wiki iliyopita usiku na mchana, nikamwaga samadi yote niliyoweza, nikapanda. Mistari imenyooka, ukiipima kwa kamba kamba ndiyo inapinda. Rundo lililobaki nimelifunika kwa mabua.

Sasa kuna jambo dogo, ukisoma hapa shika ukuta. Mbegu ya kwenye mtungi iliisha na shamba lilikuwa bado lina nafasi, na udongo mzuri umefunguka unanitazama. Nikapanda na ya kwenye kibuyu. Najua, najua. Lakini utakapokuja kuvuna utajaza vibuyu mpaka ukose pa kulala, na Bibi nitamrudishia makopo mawili badala ya moja. Hesabu hiyo hata mimi wa darasa la sita naiweza.

Lundo nimelipumzisha. Na lenyewe limechoka.

Wako,
Profesa wa Samadi


25 Machi

Mwanangu,

Hii barua nimemwambia dereva asiiweke popote, akukabidhi mkononi.

Mahindi si maharage. Kosa la kwanza ni langu: niliandika "mbegu", sikuandika mbegu gani. Nilidhani unajua kwamba koponi naweka maharage siku zote. Kuna dawa ya magugu inayopigwa kwenye malisho. Imetengenezwa iue magugu ya majani mapana na isiguse nyasi. Mahindi ni ndugu yake nyasi, hayawezi kukuambia kitu. Ng'ombe anakula hayo malisho, dawa inapita tumboni mwake kama mgeni anayepita sebuleni, inatoka kwenye samadi ikiwa na nguvu zake zote. Inakaa udongoni msimu mzima, pengine misimu. Maharage, yenye majani mapana, ndiyo yanayoumia. Majani machanga yakianza kujikunja kama ngumi ya mtoto mchanga na shina likajisokota, ni hiyo.

Kama hujamwaga, usimwage. Kama umeshamwaga, niambie tu, mwanangu. Sitakufokea, na wala hatutalia. Tutalima mahindi hapo mpaka udongo ujisafishe, na tutachimbachimba hewa iingie. Mbegu anayo Bibi. Kwake kule bondeni ni majimaji, huwa anachelewa kupanda, na huwa haachi kuweka akiba.

Rundo lililobaki lizungushie miiba. Lisiende popote. Hata mtu akuombe kwa machozi.

Shangazi yako


17 Aprili

Shangazi,

Shikamoo. Barua yako ya mwezi uliopita imenifika jana! Dereva anasema aliisahau chini ya kiti cha lori. Mtu anabeba maziwa kila siku yasimwagike lakini barua moja inamshinda.

Mbuzi wazima. Yule mweusi amezaa mapacha, nimewaita Kelele na Makelele. Paa la jiko nimeziba. Kuku mmoja amekataa kutaga, nimekaa naye kikao. Dada hajambo? Mtoto amekaa vizuri sasa? Hapa mvua nzuri, ila upepo kidogo.

Maharage yapo. Yana majani. Kuna mengine yamejikunja kidogo pembeni, nadhani ni baridi, asubuhi hizi kuna baridi ya ajabu. Usihangaike nayo, wewe mwangalie Dada.

Halafu kabla barua yako haijafika nilikuwa nimempelekea Bibi mikokoteni miwili ya ile samadi, nikammwagia mwenyewe na kumsaidia kupanda, kwa sababu ya magoti. Sikujua. Kama barua ingewahi nisingempelekea. Basi ndiyo hivyo.

Lundo nimeanza kuligeuza.

Mtoto wa kaka yako


9 Mei

Kwa mwenzangu,

Nakuandikia kwa mkono wa dereva wa maziwa, macho yangu yamekuwa kama kioo cha bafuni. Habari za mgonjwa? Sisi hapa tunapumua.

Maharage yangu hayakupona. Yalitoka ardhini vizuri nikafurahi, kisha yakaanza kujifumba, majani yamekunjamana, shina limejipinda linarudi chini kama linatafuta kitu lilichoangusha. Nimelima miaka mingi, sijaona hali hiyo. Ya kwako nayo ni hivyohivyo, nimekwenda kuyaona.

Nimepanda yote mwaka huu, mwenzangu, hata kopo la akiba. Mtoto wako alinisifia hiyo samadi mpaka nikaona aibu kuacha kopo kabatini. Kwa hiyo nauliza, kopo langu la mwaka jana bado liko kwako? Tukiwa nalo hilo tutaanza upya, hatuna haraka.

Kijana usimgombeze. Kila nikiamka namkuta ameshafika kwangu, anang'oa yaliyokufa, anachota maji, anazibua mfereji. Ila hasemi! Yule mdomo wote ule, hasemi. Nimempa chai akaiangalia mpaka ikapoa. Nadhani anaumwa, au kapenda mtu.

Jirani yako

(Mimi niliyeandika ni dereva. Nami nakusalimu, mama.)


13 Mei

Mwanangu,

Dada yako amejifungua jana. Msichana, mdogo lakini ana sauti yako. Wote wazima.

Bibi ameniandikia. Nimeisoma barua yake nikiwa nimembeba mtoto, ikabidi nimrudishe kitandani. Kibuyu hakipo, na la akiba la Bibi halipo. Nimejaribu kufikiri ni nani mwingine mwenye mbegu ya mama, sikumpata. Nitamwambia Bibi mwenyewe nikirudi, tukiwa tumekaa.

Lakini nakuandikia kwa jambo jingine. Nilikaa hapa siku nyingi nikikuwazia vibaya. Nilisema moyoni, huyu alijua, huyu kanificha kitu. Kumbe ni barua iliyochelewa. Ulichompelekea Bibi ulikipeleka kwa moyo safi, na magoti yake uliyakumbuka hata kabla sijakukumbusha tena. Nisamehe. Mtu mzima naye anakosea.

Dereva nimemkuta pale wanapopokelea maziwa, nikamsema mbele za watu. Nilimwambia uzembe wake umeua mbegu iliyotunzwa na mikono ya mama yangu. Alinitazama tu, akafuta mikono, akachukua barua nyingine nilizokuwa nazo, akapanda lori.

Kula vizuri. Bibi anasema umekonda.

Shangazi yako


16 Mei

Shangazi,

Leo huna haja ya kukaa. Sina cha kukuangusha nacho kwa kishindo. Nimeandika barua hii mara kadhaa na kila mara naanza na mzaha, nachana. Mbuzi wamekula moja. Huo si mzaha, wameila kweli.

Hongera kwa mtoto. Msimwambie habari zangu kwanza.

Dereva hakusahau barua. Alinikabidhi mkononi kama ulivyomwagiza, keshokutwa yake, nikiwa kwenye pipa nawachotea mbuzi maji. Akasema, "Shangazi yako kasema usome sasa hivi." Nikasoma palepale, yeye akiwa bado amesimama. Kwa hiyo ulipomsema mbele za watu alijua. Jana kaniletea barua yako, akanipa, akasema "mtoto amezaliwa," basi. Afadhali angenipiga. Shangazi, mwombe radhi, na mwambie mimi pia nitamwomba, nikiweza kumtazama.

Barua yako iliponifika maharage yalikuwa bado yamenyooka. Nikasema Shangazi anaogopa tu, kazoea kuogopa. Nikaenda kuyatazama asubuhi na jioni. Kisha majani ya tatu yakatoka, Shangazi, na yalikuwa ngumi. Mstari mzima ngumi, na wa pili, na ile mistari niliyokuandikia kwamba imenyooka kuliko kamba. Nilikaa chini katikati yake. Nilijaribu kufungua jani moja kwa vidole, nikadhani likifunguka moja mengine yataiga. Lilikatika.

Hapo ndipo ningekuandikia. Ulikuwa umeshanisamehe kabla, umeandika kabisa hutanifokea. Nilikuwa na barua ya msamaha mfukoni na nilichokosa ni kusema tu. Lakini nilishasema kwa kila mtu. Pale dukani nilisema, kisimani nilisema, Ndevu aliporudi msibani nikamwambia aje aone shamba la mtu wa darasa la sita. Nilikuwa nasikia tayari watakavyocheka. Nilikuona na wewe ukitikisa kichwa.

Ndevu alikuja. Aliangalia, hakucheka. Alisema, "Nilikuambia, kijana." Akaondoka.

Sasa naandika kwa mpangilio, maana ndivyo ilivyokuwa. Majani yalijikunja. Ndevu akaja. Kesho yake nikaazima punda, nikaondoa ile miiba niliyokuwa nimezungushia rundo kama ulivyoniambia, nikapakia. Yale niliyokuandikia, kwamba nilimpelekea Bibi kabla barua haijafika, ni uongo. Nilipeleka barua yako ikiwa kwenye mfuko wa suruali hii niliyovaa.

Nilifikiri hivi. Shamba likiharibika moja, ni la mjinga mmoja. Yakiharibika mawili, ni mwaka mbaya. Watu watasema ni ugonjwa, ni baridi, ni mvua. Nami nitatikisa kichwa pamoja nao. Mbegu sikuiwaza kabisa. Niliwaza uso wangu.

Mkokoteni wa pili gurudumu lilipasuka karibu na choo cha Bibi, kona ile ya mwisho haikupata samadi. Kuna maharage machache pale, nimeyawekea vijiti na wavu wa kuku, yana majani yaliyofunguka na mawili yameanza kutoa ua. Sikutaka kukuambia, nisionekane najipendekeza. Nalala pale pembeni kwenye mkeka kwa ajili ya panya. Usiyahesabu kama ni wema. Yamepona kwa sababu ya pancha, si kwa sababu yangu.

Na bado sijasema lenyewe. Nimezunguka ukurasa mzima kama kuku anayetafuta pa kutagia.

Nilipokuwa namwaga kule bondeni, Bibi alitoka na kikombe cha maji, akanishika bega ili asimame vizuri. Alikuwa ameshika na kopo lake la akiba kwa mkono mwingine, hajaamua. Akaangalia samadi, akaniuliza, "Baba, hii ni salama? Umeijaribu kama Shangazi yako anavyojaribu?"

Nikanywa maji yake yote kwanza. Nikamwambia, "Ndiyo, Bibi. Nimeijaribu kwa maharage. Panda yote."

Kiherehere